Kufuli la Kumziba Redio Mdomo

Komeo hakuwa mtu wa kuongea. Alikuwa mtu wa kujibu, na majibu yake yalikuwa yanauma. Ukimkuta asubuhi pale zahanati ukamwambia, "Habari za kuamka, fundi?" anakutazama juu mpaka chini, anakwambia, "Ungekuwa unazitaka kweli ungekuja nyumbani." Basi unapita na salamu yako mkononi kama mtu aliyekataliwa zawadi. Ndiyo maana wakambandika hilo jina. Uso ule ulikuwa umefungwa kwa ndani.

Kazi yake ilikuwa kompyuta za zahanati. Ya mapokezi, ya maabara, za vyumba vya madaktari, na nyaya zote zilizokuwa zinaning'inia darini kama matumbo ya kuku. Hakuisomea. Alianzia kwenye pasi za majirani, anazifungua, anazirudisha zikiwa na skrubu pungufu lakini zinachoma, akapanda hivyohivyo mpaka kompyuta. Kila mtu pale alikuwa anamhitaji na hakuna aliyekuwa anampenda, naye alikuwa ameridhika na mpango huo.

Sasa, adui yake mkubwa alikuwa dada wa mapokezi. Huyo walimwita Redio. Redio hazimwi, hana betri ya kuisha, na stesheni zake ni zote. Anakaa nyuma ya kioo chenye tundu, anakuuliza jina kwa sauti ya kubembeleza mpaka unahisi umefika kwa shangazi yako, kumbe umefika studio.

Ilikuwa hivi. Mtu akipimwa, mtaalamu wa maabara, mzee mmoja waliyemwita Babu Hadubini, anaandika jibu kwenye kompyuta yake. Jibu linakwenda kwa daktari. Lakini linatokea pia kwenye skrini ya Redio, ili ajue limetoka, amwite mgonjwa aingie chumbani. Jina la mtu, kipimo chake, na mbele yake neno moja: CHANYA au HASI. Yaani Redio alikuwa anajua ugonjwa wako kabla yako wewe mwenye mwili.

Mwaka uliotangulia, mdogo wake Komeo alipimwa kifua kikuu pale. Huyu binti alikuwa mwalimu wa chekechea, mpole, anaongea na watu wazima vilevile anavyoongea na watoto, polepole na kwa kurudia. Jibu likatoka chanya. Kabla hajafika kwao, mtaa mzima ulikuwa unakijua kifua chake. Dawa akameza zote, akapona, daktari akamwambia umepona kabisa. Lakini ugonjwa ulitoka kifuani ukahamia midomoni mwa watu, na huko hakuna dawa. Mchumba akaanza kuwa na safari nyingi. Wazazi wakaja shule wanataka watoto wao wahamishwe darasa. Mwalimu mkuu akamtoa kwa watoto, akamweka stoo apange viti na makopo ya rangi. Muhula huu ndio alikuwa amerudishwa darasani, tena kwa masharti.

Komeo alimfuata Redio siku hizo akamwambia, "Wewe ndiye uliyesema."

"Mimi? Nimesema nini mimi?" Redio akashika kifua. "Nilisema tumwombee."

Huo ndio ulikuwa mwanzo wa vita.

Sasa kikohozi kikarudi. Kilianza kidogo, cha kusafisha koo, halafu kikawa kile cha kukunja mgongo. Komeo akamwambia nenda kapime. Binti akakataa katakata.

"Siendi kwa yule mwanamke tena, kaka. Nikikaa tu kwenye benchi lake, jioni nimerudi stoo."

"Utakufa na ubishi wako."

"Bora nife mwalimu."

Hospitali nyingine ilikuwa mbali, na historia yake yote ya matibabu ilikuwa hapo hapo kwa Redio. Komeo akazunguka chumba, akapiga mlango teke, akasema, "Nipe muda. Nitaifunga ile skrini. Jibu lako litapita mbele ya macho yake na hataona kitu."

"Ukishindwa?"

"Nikishindwa nimeshindwa mimi."

"Hapana," binti akasema, polepole, kama anamfundisha mtoto kuhesabu. "Ukishindwa nimeshindwa mimi. Wewe utabaki na kazi yako."

Hilo lilimchoma, kwa sababu lilikuwa kweli.

Mtu pekee aliyejua mambo ya kufunga ujumbe kwenye kompyuta, kwa kule kote, alikuwa shemeji yake. Na shemeji yake ndiye mtu ambaye Komeo angepanda ukuta wenye chupa kumkwepa. Mke wa Komeo alikuwa ameondoka na begi moja, amerudi kwa kaka yake, na kaka mtu alikuwa hajasahau hata neno moja alilosimuliwa. Alikuwa na duka la kutoa nakala, na chumba cha nyuma alikuwa anafundishia vijana kompyuta. Chumba kina joto, kinanuka wino wa mashine, vistuli vya plastiki vimepasuka vinafinya makalio, na feni haina kifuniko, kwa hiyo kila anayenyanyuka anainama kwanza.

"Hodi," Komeo akasema.

"Nani?" Shemeji anamwona kabisa, wameangaliana.

"Mimi."

"Mimi ni wengi. Hata mwizi akigonga anasema mimi." Akawageukia vijana. "Andikeni hapo. Somo la leo: mtu kusema mimi si ushahidi. Kompyuta nayo inataka uthibitishe."

Vijana wakacheka. Komeo akameza mate kama anameza msumari, akaeleza shida yake bila kumtaja mdogo wake.

"Nitakufundisha," shemeji akasema. "Si kwa kukupenda, usije ukajidanganya. Nataka nikuone umekaa kwenye hicho kistuli unaniuliza maswali. Raha hiyo sijaipata tangu harusi yenu."

Komeo alikuja na uganga wake mwenyewe. Alikuwa ameshatunga njia: kila herufi unaisogeza mbele nafasi tatu. CHANYA inakuwa FKDQBD. Akaionyesha kwa majivuno, hakuna binadamu atakayelijua hilo neno.

Shemeji akaitupia jicho. Akachukua kipande cha gazeti, akanakili maneno yake amezivuruga herufi kwa mtindo huohuo wa kusogeza, ila hakusema amesogeza nafasi ngapi. Akamtupia. "Fungua."

"Nitafunguaje sijui ulivyosogeza?"

"Hesabu ni herufi gani imerudiwa sana kuliko zote."

Komeo akahesabu kwa kidole. Kulikuwa na G nyingi, zimejaa kama siafu.

"Hiyo ni A," shemeji akasema. "Kiswahili hakiwezi kukaa bila A, kama wewe usivyoweza kukaa bila kununa. Ukishaijua A, umejua nimesogeza ngapi, na mengine yanafuata kama kondoo. Mtoto wa shule anakivunja hicho kikufuli chako akiwa anakula mhogo. Halafu angalia, CHANYA ndefu, HASI fupi. Hata asiyejua kusoma anaona hii ndefu na hii fupi. Umefunga mlango umeacha ukuta."

Wiki zile zilikuwa za matusi na maarifa, vimechanganywa sufuria moja. Komeo alikuwa anatoka kule masikio yanawaka, lakini kichwani kuna kitu kimeingia. Alijifunza kwamba usitunge kufuli lako mwenyewe. Tumia lile ambalo wajuzi wa dunia nzima wamelipiga nyundo miaka wakashindwa. "Njia kila mtu aijue," shemeji alikuwa anasema huku anagonga meza, "hata huyo adui yako mpe aisome. Siri ni ufunguo tu. Kufuli ambalo ni salama kwa sababu mwizi hajaliona, hilo ni bahati, si kufuli." Alijifunza kusawazisha urefu, neno fupi lijazwe mpaka lilingane na refu. Alijifunza pia kufuli lile la kugawa, ambalo unampa kila mtu akufungie mzigo, lakini ufunguo wa kufungulia unabaki nao wewe peke yako. Hilo lilimkosesha usingizi kwa raha. Alikuwa anatembea barabarani anatabasamu, na watu wanamkwepa, maana hawajazoea.

Kisha likaja somo la kuchagua ufunguo.

"Weka ufunguo wako kwenye hiyo mashine," shemeji akasema. "Neno lolote unalolikumbuka wewe, mimi nisilolijua. Mimi nitajaribu kulikisia."

Komeo akaandika, ameziba kibodi kwa mkono kama mwanafunzi anayeogopa kuibiwa mtihani. Shemeji akasogea, akaandika neno moja na mwaka mbele yake, akabonyeza. Mashine ikafunguka mara ya kwanza.

Lilikuwa jina la dada yake, yaani mke wa Komeo. Na mwaka wa harusi.

Shemeji akacheka, kicheko kile cha kutoka tumboni, mpaka wateja wa nakala kule mbele wakachungulia. "Bado unamtaja! Uliishi naye hukumwita hata kwa jina, leo unampa kazi ya bawabu! Vijana, oneni: mtu huchagua ufunguo palipo na kidonda. Ndiyo maana ufunguo uchaguliwe na mashine, yenyewe haina kidonda."

Komeo akainuka akasahau feni, ikamkwangua kofia. Akakipiga kistuli teke kikamalizikia kupasuka. "Elimu yako kaa nayo."

"Lipa kistuli! Na rudi hapa, somo halijaisha! Bado kitu kimoja, ukishafunga..."

Maneno mengine yalimezwa na mashine ya nakala. Komeo hakugeuka. Alijisemea, huyu anataka anirudishe anicheke tena.

Akaenda kuifanya kazi peke yake, na tuseme ukweli, aliifanya vizuri. Kufuli alichukua lile la wajuzi. Ufunguo uliundwa na mashine, mrefu, hauna maana wala kidonda. Urefu akausawazisha. Ufunguo ulikaa kwenye kompyuta ya maabara na za madaktari tu, kwa Redio haukufika. Sasa Babu Hadubini akiandika jibu, kwa daktari linasomeka, kwa Redio panatokea takataka ya herufi na namba.

Daktari Mkuu akaja kuangalia, mikono nyuma. "Vizuri. Ila ikivuja tena, wewe na nyaya zako nje."

Redio akasogeza miwani. Mbele ya jina la mtu pameandikwa Q7vR2m na mkia mrefu nyuma yake.

"Soma sasa," Komeo akamwambia. "Si umezoea kusoma? Soma basi niombewe na mimi."

"Mungu hakosi njia," Redio akasema, akafungua dirisha lake kumwita mgonjwa mwingine kwa sauti ya shangazi.

Muda ukapita, kimya. Hakuna habari iliyotoka, au Komeo hakuisikia, maana habari huwa hazimfikii mtu asiyesalimiwa. Akaenda kwa mdogo wake akamwambia njoo. Binti akamkazia macho. "Una uhakika?" "Nimekwambia njoo." Akaja asubuhi, akatoa makohozi kwenye kikopo, akaambiwa asubiri benchi mpaka mchana. Alikaa pale kati ya wagonjwa wengine, mkoba magotini, anazuia kikohozi mpaka machozi yanamtoka.

Mchana ule Komeo alikuwa juu ya ngazi kwenye korido, anafunga waya nyuma ya dirisha la dawa. Redio akapita chini yake, hakumwona, akainama kwa mgawa dawa.

"Mtayarishie dawa za kifua yule mzee wa koti. Anao."

"Wewe! Umejuaje, si mlifungiwa?"

"Wamefunga nini hawa?" Redio akacheka. "Kila wa kifua anayetokea na Q7 akiingia kwa daktari anatoka na barakoa. Kila mwenye 9L anatoka anachekelea. Madude yenyewe siyajui kusoma, mwenzangu, ila yako mawili tu kama mapacha wa mashati tofauti. Mimi nasoma nyuso."

Komeo alikaa juu ya ngazi kama paka aliyeogopa kushuka. Kisha akashuka, akaenda kwenye kompyuta ya chumba cha nyuma, akaita orodha ya siku zote. Mianzo yake, ukiacha mikia: Q7vR2m, 9LkT4x, 9LkT4x, Q7vR2m, 9LkT4x. Kila chanya ilikuwa sawasawa na chanya mwenzake mpaka herufi ya mwisho. Wiki zote hizo alikuwa amemvalisha kila mgonjwa sare.

Akampigia shemeji simu.

"Nani?"

"Mimi. Shemeji, sina muda wa..."

"Leo shemeji! Kistuli changu kiko wapi?"

Komeo akamweleza kwa pumzi moja. Kicheko hakikuja, na hicho ndicho kilichomtisha.

"Neno lilelile, ufunguo uleule, sura inatoka ileile," shemeji akasema. "Kila ujumbe unatakiwa uchanganywe na namba mpya ya kubahatisha kabla hujaufunga. Namba haijirudii, kwa hiyo sura haijirudii. CHANYA ya asubuhi na CHANYA ya mchana zisijuane hata zikipishana mlangoni. Ndicho nilichokuwa nakuitia, ukaondoka na hasira zako."

"Naandika sasa hivi."

"Utaandika sasa hivi uharibu kila kitu? Zima kwanza, zuzu wewe. Na dada yangu hajambo, asante kwa kuuliza." Akakata.

Mlango wa maabara ulikuwa umefungwa kwa ndani, Babu Hadubini yuko kwenye hadubini yake na akiwa hapo hasikii hata mabomu. Komeo hakugonga mara ya pili. Akakimbilia kijumba cha nyaya chini ya ngazi za ghorofani, akachomoa waya mkuu wa umeme wa kompyuta. Zahanati nzima skrini zikafa.

Kelele zikaanza hapo hapo. Madaktari wakatoka vyumbani, wagonjwa wakasimama. Daktari Mkuu akaja mbio. "Nani amezima?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

Komeo akafungua mdomo, na hapo akaona macho ya Redio. Yanameta. Macho ya mtu ambaye amenusa.

"Eti kwa nini?" Redio akasema taratibu. "Siku zote inawaka vizuri. Leo kuna nani?" Na kichwa chake kikaanza kugeuka kuelekea benchi, kama feni inayozunguka, polepole, mgonjwa mmoja mmoja.

Komeo akaelewa. Akisema sababu, amemtaja mdogo wake. Akinyamaza, amemtaja vilevile. Kilichobaki ni kupiga kelele, na kelele alikuwa nazo za akiba za miaka.

"Nimezima kwa sababu yako wewe!" akamlipukia Redio. "Kila nikiiona sura yako kwenye hicho kiti natamani jengo lote liwe giza!"

"Mimi? Mimi mama wa watu?"

"Mama wa watu ndiyo, maana kila anayeingia hapa unamzaa upya mtaani! Una ulimi mrefu unaweza kupigia deki korido yote, na bado ungebaki wa kulamba madirisha!"

Hapo benchi zima likageukia kwao. Redio akapiga yowe, akarusha faili, likamgonga Komeo begani. Akamjibu kwamba ndiyo maana mke alimkimbia, na kwamba hata mbwa wake akipata nauli ataondoka. Wagonjwa wakasahau maumivu. Hakuna aliyeshangaa, maana hakuna aliyetegemea jambo lingine kutoka kwa Komeo. Daktari Mkuu akawashika wote wawili mikono, akawakokota ofisini kwake kama watoto waliopigania mpira, akapiga kelele kwa nyuma majibu yapelekwe kwa mkono.

Wakati Redio analia ofisini anaeleza alivyodhalilishwa toka siku ya kwanza, dirisha la mapokezi lilikuwa tupu. Babu Hadubini akapita na vikaratasi vilivyokunjwa. Wagonjwa wakaingia na kutoka, na hakukuwa na mtu wa kusoma nyuso.

Komeo akaambiwa asirudi mpaka aitwe, na huenda asiitwe. Mlangoni akamnong'oneza Daktari Mkuu: "Msiiwashe. Kufuli lina kasoro, mapokezi wanalisoma. Mpaka lirekebishwe, mkono kwa mkono."

"Ungesema hivyo mwanzo."

"Mwanzo kulikuwa na masikio."

"Bado umemtukana mfanyakazi wangu mbele ya wagonjwa. Toka."

Mdogo wake alikuwa nje ya geti, amesimama kwenye kivuli cha ukuta, ameufunga mkoba vizuri. Uso wake hauna kitu, kama ubao uliofutwa.

"Vipi?" Komeo akauliza.

"Nimeona aibu. Kaka yangu mzima, anatukanana na mwanamke mbele ya watu wanaoumwa."

"Nilikuwa nakukinga. Kufuli halikuwa limekamilika. Angekujua."

"Kwa hiyo ulinileta pale, ukanikalisha benchi, na halikuwa limekamilika."

"Nimejua leo. Leo hii hii. Nimezima kabla jibu lako halijapita, nakuapia. Limetoka nini?"

"Sikwambii."

"Mimi ni kaka yako!"

"Ndiyo. Na uliniambia njoo nikaja." Sauti ilikuwa ileile ya darasani, haikupanda hata kidogo. "Anayejua ni daktari na mimi. Inatosha."

"Wewe mtoto, nimepoteza kazi kwa ajili yako!"

"Pole," akasema, na alimaanisha, na hakuongeza kitu. Akavuka barabara.

Komeo akataka kumtukana, tusi likamkosa. Akabaki getini na begi lake la bisibisi, ametega sikio, anamfuata kwa macho mpaka kona, anasubiri kama atakohoa au hatakohoa. Mabega ya binti yakainama kidogo. Lori la mchanga likapita katikati yao, likipiga honi, na lilipomaliza kupita binti hakuwepo.